Gari Hili Lilitengenezwa Wapi? Historia Iliyojificha Chini ya Pikapu za Bagamoyo

Kama wewe ni mtu wa barabara ya Bagamoyo, ile inayotoka Mwenge ikapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, basi umeshapishana na gari ninalotaka tulizungumze. Kwa mbele ni Land Rover ya zamani, pikapu ya 109: pua butu, kioo kilichosimama wima, milango inayogongagonga. Likianza kupanda kilima, sauti unayoisikia si ya Land Rover hata kidogo, ni ya injini ya Kijapani. Nyuma kuna bodi la mbao na vyuma vya kona, limebeba mananasi ya Kiwangwa, au viroba vya chumvi, au matenga ya samaki yanayochuruzika maji ya barafu. Taa ya kushoto na ya kulia hazijuani.

Swali letu leo ni fupi: gari hili lilitengenezwa wapi?

Ukiuliza kadi ya gari, itakujibu Land Rover, na Land Rover hizo zilitoka Solihull, Uingereza. Ukiuliza wapita njia watakwambia ni gari la kuungaunga, na wengi watasema huku wanacheka. Mimi naona majibu yote mawili yanatunyima kitu. Gari la namna hii limetengenezwa hapahapa, na watu waliojua wanachofanya, na vipande vyake vinaonyesha nchi ilikosa nini na lini. Sisi wa historia tumezoea kukaa Nyaraka za Taifa na mafaili. Leo tuingie uvunguni.

Babu yake naye alikuwa wa kuungaunga

Anza na bati la nje. Bodi ya Land Rover haishiki kutu nyekundu, na watu wengi wanadhani Waingereza waliona mbali kuhusu nchi za joto na unyevu. Hapana, walikuwa na njaa ya chuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, lakini aluminiamu ilipatikana, kwa sababu viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za kivita havikuihitaji tena kwa wingi ule. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na jeep ya Kimarekani aliyoitumia shambani kwake kwenye kisiwa cha Anglesey. Mwaka 1947 kampuni ikaunda gari la majaribio: chasisi ya jeep, injini ya gari dogo la Rover. Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa rasmi Amsterdam, mabati yake yakiwa bapa bapa, kwa kuwa hapakuwa na fedha wala muda wa kutengeneza kalibu za kukunjia mabati ya kona laini.

Kwa hiyo babu wa pikapu yetu naye alikuwa gari la kuungaunga, ila yeye wakamwita gari la mfano, na sasa anaandikwa vitabuni.

Mwaka huohuo wa 1947, Tanganyika ilikuwa inapokea mabaki ya vita kwa shehena. Mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ulianza na matrekta chakavu yaliyonunuliwa kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalipoonekana hayatoshi, kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya Sherman kikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Ndiyo, kifaru cha vita kililetwa Dodoma kung'oa visiki. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na kilichobaki ni mashine nyingi zilizokufa. Naliweka hili hapa kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kuunganisha mabaki ni tabia ya watu maskini wasio na mipango. Huo ulikuwa mpango mkubwa wa serikali ya kikoloni, na ulikuwa wa mabaki kuanzia siku ya kwanza.

Pikapu ya 109 yenyewe ilikuja baadaye kidogo. Jina ni inchi 109 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kama mita 2.77. Ilianza mwaka 1956, na toleo la mwisho la ukoo huo, Series III, lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Lilikuwa gari la bwana shamba, la mkuu wa wilaya, la misheni na la miradi. Lililo muhimu kwa hadithi yetu ni jinsi lilivyofungwa: mabati yameshikwa kwa bolti na ribiti, kipande kwa kipande. Bawa la mbele likibonyea unalifungua kwa spana, unaweka jingine. Juu ya kabini linatoka, milango inatoka, bodi ya nyuma inatoka. Gari lililofungwa hivyo linaweza kufunguliwa chini ya mwembe, na likishafunguliwa chini ya mwembe linaweza pia kuundwa upya hapohapo.

Chumvi inavyokula

Sasa lala chini uangalie chasisi. Hapa ndipo pwani inapoanza kuandika.

Bodi ni aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu kidogo, lakini chasisi ni chuma. Waingereza waliiunda kwa kuchomelea mabamba ya chuma yenye unene wa kama milimita 2, manne manne, yakafanya boksi refu lenye uwazi ndani. Ni muundo mzuri sana bara. Hapa kwetu boksi hilo linageuka chupa ya chumvi. Maji ya barafu ya samaki yanachuruzika, mchanga wa ufukweni unaingia kwenye matundu, vinakaa humo ndani.

Labda utasema: si yatakauka? Ndiyo maana chumvi ni adui mbaya kuliko mvua. Chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu wa kama asilimia 75, inaanza kuyeyuka yenyewe kwa kunyonya maji ya hewani, na chumvi ya bahari, kwa sababu ina magnesiamu ndani yake, inafanya hivyo hata kwenye hewa kavu zaidi. Kwa hiyo chuma chenye chumvi pwani hakikauki kamwe, hata mwezi wa kiangazi. Kutu inahitaji chuma, maji na oksijeni, na chumvi inafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri zaidi, kazi inakwenda mbio. Chasisi inaoza kutoka ndani kuja nje. Siku unayoona tundu, umechelewa.

Pale bolti ya chuma inapoishika aluminiamu kuna vita vingine. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri ndogo, na anayeliwa hapo ni aluminiamu. Ukiona unga mweupe kuzunguka bolti kwenye mlango wa Land Rover, ndiyo hiyo betri. Dawa yake ni kuzitenganisha, na kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha.

Basi fundi akipata 109 iliyooza chini anafanya nini? Chasisi mpya haipo dukani. Anatafuta reli za lori lililokufa. Chasisi ya lori si boksi, ni chuma kinene chenye umbo la U, kiko wazi upande mmoja. Fundi anakikata, anakipunguza upana, anachomelea vishikio vya springi vya Land Rover kwenye reli za lori. Kwa mtu wa pwani faida yake iko wazi: chumvi haina pa kujificha, unaweza kukwangua, kupaka rangi, kisha kupaka oili chafu juu yake. (Wenye majahazi hapohapo Bagamoyo walikuwa wakipaka mbao mafuta ya papa, yaitwayo sifa, zamani sana kabla ya oili chafu kuwepo. Sidai kwamba fundi wa gari alijifunza kwa fundi wa jahazi, ila adui yao ni mmoja.)

Lakini kila kitu kina bei, na bei ya hili unaweza kuiona mwenyewe nyumbani. Chukua bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Lishike kwa mikono miwili ulisokote: linagoma. Sasa lipasue kwa mkasi kutoka juu hadi chini, ulisokote tena. Umeona? Karatasi ni ileile, uzito ni uleule, lakini umbo lililofunguka limepoteza karibu ugumu wote wa kusokotwa. Reli ya U ya lori ndivyo ilivyo. Lori limekusudiwa kujisokota kidogo kwenye barabara mbaya, ila kabini ya Land Rover haikukusudiwa, kwa hiyo ribiti zinalegea na mabati yanapasuka kwenye kona. Fundi makini anajua hili hata kama hajawahi kulisoma: anaongeza vyuma vya kukatiza kati ya reli mbili, na kabini anaikalisha juu ya vipande vya mpira wa tairi badala ya kuikaza moja kwa moja. Hayo ni maamuzi ya usanifu wa gari, na mtu anayeyafanya, mimi nashindwa kumwita mrekebishaji tu.

Miaka ya kukosa spea

Ujuzi huu haukutokana na kupenda magari ya zamani. Ulitokana na dhiki, na dhiki hiyo ina tarehe.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, wakati makampuni mengi ya biashara ya ukanda huu yalikuwa na makao Nairobi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita vile vilikula fedha za kigeni, mafuta na magari, yakiwemo ya raia yaliyochukuliwa kubeba askari na mizigo. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Spea ya gari ilikuwa inanunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo hazikuwepo. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Edward Sokoine, ambapo hata kuwa na bidhaa nyingi stoo kungeweza kukuletea matatizo.

Ukitaka kujua pengo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani, angalia usafiri wa Dar es Salaam. UDA, shirika la mabasi la umma lililoundwa 1974, halikuweza kuweka mabasi ya kutosha barabarani, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Ndipo zikatamba chai maharage: pikapu zilizowekewa paa na mabenchi mawili yanayotazamana, abiria magoti kwa magoti kama watu waliokaa mgahawani kula hicho chakula. Waulize wazazi wako. Bodi za chai maharage hazikuagizwa Ulaya wala Japani, zilipigwa hapahapa na maseremala na wachomeleaji, na ukiangalia bodi la nyuma la pikapu ya mananasi leo unaona ukoo uleule: vyuma vya kona, mbao, bolti za kupita.

Miaka hiyohiyo, kilomita chache kutoka hapo, serikali ilikuwa na ndoto yake ya gari. Kibaha, mkoa huohuo wa Pwani, kulikuwa na TAMCO iliyokuwa ikiunganisha malori ya Scania, na mpaka leo mtaa unaitwa Tamco. Kibaha hiyohiyo likaanzishwa Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi, kilichoundwa rasmi mwaka 1985, ambako lori la Kitanzania liliundwa kwa majaribio. Siidharau kazi ya Nyumbu, kuunda lori kuanzia kipande cha kwanza ni jambo zito. Nashangaa tu jinsi tunavyosimulia. Nyumbu tunaiita historia ya viwanda. Gereji iliyokuwa ikitoa pikapu barabarani wakati huohuo tuliiita gereji bubu, yaani isiyo na leseni, isiyopaswa kusema. Jina lenyewe limewafunga mdomo. Miongoni mwa wanahistoria wachache waliokaa chini na kuwasikiliza mafundi hawa ni Joshua Grace, ambaye kitabu chake, African Motors, kilitoka mwaka 2021. Kama uko chuo, kitafute.

Injini ya tatu

Baada ya 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yakalegea, watu wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta mali, na kuanzia 1986, enzi ya Mzee Ruksa, mlango ukafunguka zaidi. Magari ya mtumba kutoka Japani na Dubai yakaanza kumiminika, na nyuma yake injini za mtumba. Hapo ndipo pikapu yetu ikapata moyo mpya. Dizeli ya asili ya Land Rover, lita 2.25, ilikuwa na nguvu za farasi 60 na ushee tu, na spea zake zilishakuwa hadithi. Injini ya Isuzu, Nissan au Toyota ukiipata Gerezani unaondoka nayo na gasketi zake siku hiyohiyo.

Kuiingiza ni kazi. Matundu ya bolti ya injini ya Isuzu hayalingani na ya giaboksi ya Land Rover, kwa hiyo katikati linawekwa bamba nene la chuma lililotobolewa pande zote mbili, na mhimili wa injini lazima utazamane na wa giaboksi sawasawa. Ukipishana hata robo ya milimita, klachi itatetemeka na beringi italia baada ya miezi. Kiwandani wanapima kwa geji maalumu. Bila geji unaweza kufunga waya mgumu kwenye flaiwili, ukaizungusha kwa mkono polepole, ukaangalia kama ncha ya waya inabaki umbali uleule kutoka ukingo wa tundu, mzunguko mzima. Inachukua saa nyingi na subira nyingi.

Difu nayo ina masharti. Difu za asili za Land Rover hizi zina uwiano wa 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka difu ya gari jingine nyuma yenye uwiano tofauti, ukaacha ya mbele ileile, gari litaenda vizuri mpaka siku uingize four-wheel kwenye tope la masika. Hapo tairi za mbele na za nyuma zinataka mwendo tofauti, zinagombana, na kitu kinavunjika. Kwenye pikapu nyingi utakuta propela ya mbele imeshatolewa, na sababu mara nyingi ni hii.

Hapa sitaki kuwapamba mafundi, maana kuna jambo linaloua watu. Injini imebadilika, breki hazijabadilika. Land Rover za Series zina breki za dramu magurudumu yote, zilizopimwa kwa gari la shamba. Injini mpya inalipeleka gari kilomita 80 kwa saa mahali lilipozoea 50. Nishati ya mwendo inaongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo dramu zilezile sasa zinatakiwa kumeza nishati mara 2.56. Ongeza tani ya mananasi. Zikipata moto sana zinateleza, mguu unazama, na mteremko haukusubiri. Mtu aliyeunda pikapu ya kuungaunga bila kugusa breki hajamaliza kuunda. Wapo wanaolijua hilo na wanahamishia ekseli nzima pamoja na breki zake kutoka gari jipya zaidi. Wapo wanaopaka rangi tu, na hao wapo wengi.

Mizani ya skrepa

Kwa nini niandike haya sasa? Kwa sababu magari haya yanaondoka, na hayaendi makumbusho. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha kubwa la Land Rover, na ilipendeza. Makumbusho ya Taifa pale Dar wametunza Rolls-Royce ya viongozi, na wamefanya vizuri. Pikapu ya 109 yenye reli za lori, injini ya Isuzu na bodi la mninga inaishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Na vipande vyake haviendi njia moja. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi kama 660, joto ambalo mkaa na mvukuto vinaweza kulifikia uani kwa mtu, kwa hiyo maganda ya giaboksi na pistoni zinabaki jirani: zinamiminwa kwenye kalibu za mchanga, zinatoka sufuria. Chuma kinahitaji karibu nyuzi 1,500, hivyo chasisi inakatwa vipande ikapelekwa kiwandani kuwa nondo. Springi zina bahati yao, mhunzi anazitaka kwa mapanga. Ndani ya siku mbili hakuna tena gari, na hakuna tena mtu anayeweza kuona kwamba kile chuma cha kukatiza kilichomelewa mara tatu na watu watatu tofauti.

Kwa hiyo nina ombi kwako, hasa kama unasoma historia, uhandisi, au una mjomba mwenye gari la hivi Bagamoyo, Makurunge au Mapinga. Nenda na brashi ya waya, tochi na daftari, na umwombe mwenye gari ruhusa kwanza. Kwenye 109, namba ya chasisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Ikwangue uinakili, na uangalie kama kishikio hicho ni cha chuma kilekile na reli inayokifuata au kimechomelewa juu ya reli nyingine. Piga picha viungo, si gari zima. Halafu uliza nani aliyechomelea, mwaka gani, reli zilitoka kwenye lori gani, injini hii ni ya ngapi, na ile ya kabla yake iliishia wapi.